Doa Jeupe la Mke Wangu

Kichwa cha mke wangu kilikaa dirishani mwa garaji yangu pale Jabe siku nyingi, na kila mtu alikitazama isipokuwa mwenyewe.

Sioni haya kulisema. Filimu ya hospitali haisomeki bila mwanga, na dirisha la garaji lilipata jua kuliko dirisha lolote la nyumba yetu. Nilizibandika mbili, moja kando ya nyingine, kwa ile gundi ya karatasi tunayofunikia vioo tukipaka gari rangi. Ya kwanza ilipigwa kabla hatujaenda Kampala, ambako mke wangu alichomwa mionzi ya kichwa. Ya pili ilipigwa baada ya kurudi, kwenye kliniki ileile ya hapa mjini yenye mashine ya skaneri. Kila filimu ilikuwa na picha nyingi ndogo za kichwa kilekile, kimekatwa vipande vipande kama unavyokata kitunguu, na ndani ya vile vipande, upande mmoja, kulikuwa na doa jeupe. Katika filimu ya kwanza doa lilikuwa kama haragwe. Katika ya pili haragwe lilikuwa limelala ndani ya maji usiku kucha.

Kijana aliyeendesha mashine alinipa hiyo ya pili bila maelezo. Alisema daktari atatuita, na daktari alikuwa hapatikani. Wiki ile watu waliteremka kutoka vilimani wakikimbia risasi, hospitali zikajaa majeruhi, nani angemwita mwanamke mwenye doa? Basi nikasoma mwenyewe.

Mimi si mtu wa shule. Madrasa nilimaliza. Shule ya mapadri waliniacha darasa la pili, au mimi niliwaacha wao, inategemea unamuuliza nani. Lakini nilianza kwa kuosha bolti kwa petroli chini ya magari ya Mgiriki mmoja, na nikamaliza nikiwa na garaji yangu, na magari ya wakubwa yakisimama mlangoni kwangu, na hao wakubwa wakiniamkia. Kupima ndiyo kazi yangu. Nilitoa chuma changu cha kupimia pistoni, nikapima doa la kwanza, nikapima la pili, nikarudia. Lilikuwa limekua. Kitu kikikua kimekua. Mionzi imeshindwa, safari imeshindwa, nikakaa juu ya tairi mpaka adhuhuri.

Ugonjwa wenyewe ulianza mkononi. Mke wangu alikuwa anauza ndagala, wale dagaa wakavu, sokoni Jabe, na kopo la kupimia likaanza kumdondoka. Baadaye maneno nayo yakaanza kumdondoka. Anataka kusema sahani, anasema mlango, halafu anakukasirikia wewe kwa sababu humletei mlango wa kulia wali. Walimtibu malaria, wakamtibu tifoidi, mpaka daktari mmoja kijana aliyesomea ng'ambo mambo ya ubongo akampeleka kwenye skaneri. Nyumbani tulimwambia ni damu iliyoganda. Kwetu ndivyo tulivyozoea: ugonjwa mkubwa unajulikana na mtaa mzima, mgonjwa ndiye wa mwisho. Tunasema tunamhurumia.

Sasa, garaji si msikiti, watu hawanyamazi. Mteja anakuja kuchukua gari, anauliza hiyo ni nini pale dirishani. Namwambia. Anasimama, anaangalia ya kwanza, anaangalia ya pili, anatingisha kichwa, anasema *inna lillahi* kana kwamba ametangaziwa msiba. Waliokuwa Wakristo walifanya ishara ya msalaba. Habari ikatoka Jabe ikaenda Buyenzi, ikavuka Nyakabiga, na kufika Ijumaa mtaa wote ulikuwa umeshamzika mke wangu, yeye akiwa anakaanga mihogo uani.

Ndipo wakaanza kuja kuomba radhi.

Ni desturi nzuri, sina ugomvi nayo. Mtu akiwa njiani kuondoka, unakwenda kumwomba akusamehe ya dunia, usije ukakutana nayo akhera. Lakini kwa kawaida unamkuta amelala, anapumua kwa shida, anakubali kwa macho. Hawa walimkuta amekaa kwenye kigoda, ana kisu mkononi.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa anauza ndagala karibu naye sokoni. Alikaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa upindo wa kitenge. Mimi nilikuwa barazani, nikijifanya nasikiliza redio.

"Dada yangu, nimekuja unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Yote. Ya dunia na ya akhera."

"Yote ni mengi. Nitajie moja."

Yule mama akalia kidogo. "Ile siku wateja wako wa Buyenzi walikimbia... mi niliwaambia ndagala yako iko na muchanga."

"Wewe!"

"Mi, dada. Shetani tu."

"Shetani hauzi ndagala, we! Mi nilipepeta zile ndagala mpaka mikono ikauma, nikasema labda macho yangu yameharibika!" Akamnyooshea kisu, halafu akakirudisha kwenye mihogo. "Haya, nimesamehe. Sasa enda. Na usilie kwangu, unaniletea nuksi."

Wakaja wengine. Jirani alisema kuku wetu aliyepotea hakuibwa na askari. Mwanamke wa nyumba ya nyuma alisema mambo ambayo mke wangu hakutaka kunieleza mpaka akaingia kaburini. Mwisho akaja kaka yake mkubwa, shemeji yangu, sisi tunasema muramu. Huyu alikuwa muuza vitambaa, mtu wa kanzu nyeupe na manukato, hajawahi kukanyaga garaji yangu asije akachafuka. Alikaa kwenye kiti, akamshika dada yake mkono.

"Mi ndio nilimwambia baba asikuoze kwa mutu wa mafuta machafu," akasema. "Nilisema atakulaza njaa. Unisamehe."

"Hiyo najua, kaka."

"Na ye anajua?"

"Najua," nikasema kutoka barazani. "Hata fundi wangu anajua."

Muramu akacheka, halafu akalia, mwanaume mzima, mpaka ndevu zikalowa. Alipoondoka mke wangu aliniita. Hakuniita kwa jina la mtoto wetu mkubwa kama siku zote. Aliita "we muzee," na nikajua nimepatikana.

"Watu wanakuja kunilipa madhambi kama mi nafunga duka," akasema. "Picha imesema nini?"

"Picha ni mambo ya madaktari."

"Picha iko kwako garaji. Mutu amenieleza hata gundi uliyobandikia."

Alikuwa amefunga kilemba juu ya kichwa ambacho mionzi ilikuwa imeondoa nywele upande mmoja, na macho yake yalikuwa makali kuliko yalivyokuwa kwa miezi.

"Nikuulize, muzee. Gari ikikufa, unamwambia mwenye gari, ama unaambia jirani yake?"

"Namwambia mwenye gari."

"Mwenye gari ni nani?"

Nilikwenda garaji, nikabandua zile filimu, nikazileta, nikazishika mbele ya mlango ili apate mwanga. Nikamwambia kila kitu: kwamba si damu iliyoganda, kwamba ni uvimbe mbaya, kwamba mionzi ilikuwa ya kuuchoma, kwamba doa limekua, yaani mionzi imeshindwa. Alitazama muda mrefu. Hakulia. Aliuliza tu, "Nani amesema limekua ni kushindwa?"

"Mimi."

"We ni dokta?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Daktari wake kijana alikuwa akikaa Mutanga Nord, huko juu karibu na vilima, na mke wangu alisema hangoji kuitwa, yeye si mbuzi. Tukapanda gari langu na kikapu cha ndagala cha kumpa mke wa daktari, kwa sababu huendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Barabarani kulikuwa na askari, wakafungua kikapu, wakachukua kiasi chao, wakatuachia.

Daktari alishtuka kutuona, lakini alikuwa na adabu. Alitukaribisha sebuleni, na hapo tukakwama. Madirisha yake yote yalikuwa yamezibwa kwa mifuko ya mchanga kwa ajili ya risasi, na umeme haukuwepo. Huwezi kusoma filimu kwenye nyumba ya giza. Akasema twende uani. Basi tukasimama watatu kwenye majani yake, yeye ameinua filimu juu kuelekea mbinguni kama mtu anayeomba mvua, na huko mlimani bunduki zinakohoa, mbali kidogo.

"Mama yuko njiani kufa," nikamwambia, kwa sababu sijui kuzunguka. "Tuambie ukweli."

"Nani amesema?"

"Filimu. Na nimepima. Limekua."

Akashusha filimu, akanitazama. "Muzee, umepima na nini?"

Nikamtolea chuma changu mfukoni, kile Wafaransa wanaita *pied à coulisse*. Hakucheka. Alikishika, akapima yeye pia, kwanza huku, halafu kule.

"Umepima vizuri," akasema. "Ni kweli, doa limekua. Lakini hilo doa si uvimbe."

"Ni nini basi?"

Akamgeukia mke wangu, si mimi. "Mama, unakumbuka kabla ya kuingia mashine, walikupiga sindano mukononi, ukasikia joto?"

"Nilisikia joto mpaka mahali pa aibu."

"Ego, ndiyo, mama, ni hiyo. Ile ni dawa inayong'aa kwenye picha. Inapita kwenye mishipa. Mahali mishipa ni mizima, dawa inapita tu. Mahali mishipa imeharibika, dawa inavuja, na pale panakuwa peupe. Uvimbe unaharibu mishipa, kwa hiyo panakuwa peupe. Lakini mionzi nayo inachoma, na mahali palipochomwa panavimba na kuvuja vilevile. Wiki za kwanza baada ya mionzi, ukipiga picha, vitu hivi viwili vinafanana kama mapacha."

"Sasa huu ni upi?" nikauliza.

"Sijui."

Nilikasirika. Mtu amesoma ng'ambo miaka na miaka, halafu anasema sijui mbele ya mgonjwa! Kwetu mganga wa mitishamba hasemi sijui. Fundi wangu akisema sijui namfukuza.

"We ni dokta wa nini basi?"

"Wa kutompasua mama kichwa bure, muzee. Na wa kutomwachisha dawa inayofanya kazi."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaelewa. Gari likivuja mafuta, unakaza bolti, unabadilisha gasketi, na kesho yake mteja anarudi anapiga kelele kwamba chini bado kuna doa, tena kubwa kuliko la jana. Ni yale mafuta ya zamani yaliyokuwa yamelowa juu ya injini, yanamalizikia kudondoka. Unampangusia, unamwambia aendeshe, arudi baadaye uangalie tena. Nimewatukana wateja kwa jambo hili maisha yangu yote. Lakini pale uani sikulisema, kwa sababu ningelisema ningekosa haki ya kuendelea kumkasirikia yule kijana.

Daktari akamwomba mke wangu anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja juu, afumbe macho. Kabla ya Kampala, alipofanya hivyo mkono wa kulia ulikuwa unashuka wenyewe, polepole, kama dirisha la gari bovu, na yeye hajui. Sasa alisimama pale kwenye majani, macho yamefumbwa. Mkono haukushuka. Daktari akamwonyesha vitu: saa, kifungo, ua, kiatu. Akavitaja. Kwenye kiatu alisita, akasema, "Kiatu, na hiki chako kinahitaji kushonwa," na daktari akatazama kiatu chake.

"Picha imekuwa mbaya kidogo, na mama amekuwa muzuri," akasema daktari. "Hivyo viwili havikubaliani. Pengine ni vile vidonge alivyotoka navyo Kampala, vya kushusha kuvimba, ndivyo vinavyomsaidia, siwezi kudanganya. Kwa hiyo tutavipunguza polepole, polepole sana, msiviache kwa ghafla. Akibaki hivi, ni alama nzuri. Halafu tunapiga picha tena, mashine ileile, namna ileile. Doa likipungua, ilikuwa ni kuchomwa. Likizidi, ni ugonjwa."

"Na kama ni ugonjwa," mke wangu akauliza, "hizo wiki za kungoja ni zangu zimepotea?"

"Ndiyo, mama. Kiasi fulani."

"Na tukikimbilia Kampala sasa, na kumbe si ugonjwa?"

"Wanaweza kukufungua kichwa bila sababu. Au kukubadilishia tiba ambayo ilikuwa inafanya kazi."

"Nani anachagua?"

Daktari akaniangalia mimi. Walifundishwa hivyo labda, au ni adabu ya kwetu tu.

"Usimwangalie huyu," mke wangu akasema. "Huyu alikuwa na picha wiki nzima. Mi nitangoja. Niambie tu nikae naangalia nini."

Akamwambia: kichwa kinachouma asubuhi, kutapika, mkono kushuka, maneno kupotea tena. Lolote kati ya hayo, tuje hata kama kuna mabomu.

Muramu wangu alipopata habari alikuja mbio na manukato yake. "Mnangoja nini? Mnangoja mazishi?" Alikuwa tayari amepata gari la kwenda Kigali na kutoka pale Kampala. Alisema daktari ni mtoto, hana hata mvi. Alisema ndugu wa kweli hawakai tu.

"Kaka," mke wangu akamwambia, "nimekusamehe juzi. Usinianzishie lingine."

Alikaa kitini, na kwa siku ile nilimpenda yule mtu, kwa sababu niliona kwamba hofu yake na yangu ni moja, tofauti ni kanzu.

Kungoja si kazi ya mwanaume wa aina yangu. Napenda kitu ninachoweza kukaza. Kila asubuhi baada ya sala alisimama mbele ya kitanda, akanyoosha mikono, akafumba macho, na mimi nikasimama mbele yake nikitazama vidole vyake kama ninavyotazama sindano ya kipimo cha mafuta. Mikono ilikaa. Tulipunguza kidonge. Mikono ikakaa. Mji ulikuwa mbaya siku zile, mabomu yalikuwa yanaanguka kutoka vilimani, watu wakilala chini ya vitanda, lakini nikueleze ukweli, mimi sikuyasikia sana. Nilikuwa nasikiliza kama amesema sahani au amesema mlango.

Asubuhi moja aliamka akashika kichwa. Niliwasha gari kabla hajamaliza kuvaa viatu. Akatoka nje, akaniangalia nikiwa nimeshika usukani, amani imenitoka.

"Zima."

"Kichwa?"

"Nimelala vibaya juu ya pini ya kilemba. Zima gari, unamaliza mafuta."

Sikuzima mara moja. Nilikaa pale nikisikiliza injini, halafu nikazima.

Siku ya filimu ya tatu umeme ulikatika tukiwa tayari mlangoni mwa kliniki. Wakawasha jenereta, na kijana wa mashine akasema tuombe lisizime katikati, maana wataanza upya. Jenereta lilikuwa linapiga vibaya, silinda moja haishiki. Niliwaambia. Hawakunisikiliza, na mimi nikakaa kwenye benchi nikihesabu mapigo yake kwa masikio, mke wangu akiwa kule ndani ya ile pete kubwa, mkono umechomwa ile dawa ya joto. Daktari alikuja mwenyewe, kwa miguu, amebeba viatu vya kazi ndani ya mfuko, kwa sababu barabara ya kwao ilikuwa imefungwa.

Filimu ilipotoka nilinyoosha mkono, kwa mazoea. Daktari akaipitisha mbele yangu akampa mke wangu.

Aliishika pembe mbili, akaenda nayo dirishani. Haikuwa rahisi, karatasi ile inateleza na mkono wa kulia ulikuwa bado dhaifu kwenye vidole vidogo. Daktari akamfuata, akamwonyesha kipande kipi, akasimama kando. Mimi nilibaki nyuma yao. Nilikuwa naona kilemba chake tu, na mwanga ukipita pembeni.

"Huyu ndio mi?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Sina masikio."

"Masikio hayatoki, mama."

Kidole chake kikazunguka mahali fulani kwenye karatasi. Nilitaka kumnyang'anya. Nilitaka kumuuliza daktari, nilitaka kumuuliza kijana wa mashine, nilitaka hata kuangalia uso wa mtu nijue. Sikufanya. Nilifunga mikono nyuma, mtu mzima na mvi zangu, nikasimama kama mteja anayesubiri fundi atoke chini ya gari.

Tuliishi hivyo miaka, kutoka filimu hadi filimu, na sheria ilikuwa moja: anaitazama yeye kwanza. Nyingine zilikuwa nzuri, na mwishoni moja haikuwa nzuri, na hiyo pia alinieleza yeye. Lakini ile ya tatu alikaa nayo sana, mpaka jenereta likazimwa na chumba kikawa kimya. Kisha akageuka, hakumwangalia daktari, akanitafuta mimi kwa macho.

"Muzee," akasema, "limepungua. Kuja uone."